Maji ya Pili ya Jeddah

Kabla sijaona chochote, nilisikia. Mlio ulitoka nyuma ya ukuta wa jikoni, upande wa mfereji, mzito, wa chini chini, kama watu wengi wanaoburura vitanda vya chuma juu ya sakafu ya saruji. Nje jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa imekatika muda mrefu, anga ya Jeddah imetakata kama sahani iliyooshwa, nami nilikuwa nimepiga magoti sebuleni nakunja zulia la madam. Nikainua kichwa. Mlio ukazidi. Vijiko vikaanza kulia ndani ya droo, kimoja baada ya kingine. Na mimi, wanangu, mtu mzima mwenye akili zangu, nikainama tena nikaendelea kukunja zulia.

Nitarudi hapo. Si sasa hivi. Hata leo nikiukumbuka mlio ule, hunibidi niseme mambo mengine kwanza.

Nawaandikia nyinyi mnaojiandaa kwenda, na nyinyi ambao tayari mko huko, mnanisoma kwenye simu mkiwa mmejifungia chooni, maana najua ndiko mnakosomea. Miaka minane nilifanya kazi za ndani Saudia, na mingi kati ya hiyo nilikuwa mlezi wa bibi kizee mmoja. Nilikwenda na lile wimbi la miaka ya elfu mbili na kumi, mawakala walipokuwa wakipita Kisauni mtaa kwa mtaa na kila nyumba ina msichana aliyetoka kupiga picha ya pasipoti. Mimi sikuwa msichana. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, mjane, watoto wakubwa, na mgongo mzima.

Nilianzia Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, kwa bosi mwenye mke na watoto watatu. Wiki ya kwanza nilikuta jikoni birika la kahawa la shaba, jeusi kama chungu cha kuni. Nikalisugua kwa waya wa sufuria asubuhi nzima mpaka likang'aa, nikaliweka katikati ya meza nisifiwe. Madam alipoingia alijishika kichwa. Birika lilikuwa la babu yake bosi, na weusi ule walikuwa wameutunza kama urithi.

“Zuhura,” akasema kwa sauti iliyokatika, “umemnyoa ndevu babu wa watu!”

Tangu siku ile sikuondoa tena kitu kilichoonekana uchafu katika nyumba ya mtu kabla ya kuuliza kimekaa hapo tangu lini. Hilo liandikeni. Nyumba ya wenyewe ina mambo yake ya zamani, na wewe mgeni huwezi kuyajua kwa macho.

La pili nililojifunza Al-Naseem ni sauti. Asubuhi ya tatu walitoka wote, nikasikia ufunguo ukizunguka mara mbili kwa nje. Nikasimama na ufagio nikingoja wakumbuke kwamba niko ndani. Nikangoja mpaka adhuhuri. Si kila nyumba hufanya hivyo, nisiwadanganye. Wako wenzangu waliokuwa wakitumwa dukani na kurudi na mabaki ya chenji na stori. Lakini yangu ilifanya. Madam alisema ni kwa ajili ya wezi. Nikazoea, kama mtu anavyozoea jiwe kiatuni, yaani kila hatua unalijua lipo. Nilikuwa nikipika huku nawaza moto. Nilikuwa nikioga huku nawaza nikianguka. Usingizi wangu wa mchana, ule wa dakika kumi, ulikuwa umejaa milango.

Kisha bosi akapata kazi Bandari ya Jeddah, mji aliozaliwa. Baba yake alikuwa amefariki na mama yake yuko peke yake. Tukahamia kwa mama.

Watu wanaijua Jeddah kwa bahari, kwa mahujaji, kwa ile chemchemi inayorusha maji juu kuliko minara. Mimi naijua kwa mifereji. Upande wa mashariki kuna milima mikavu, na kutoka milimani zinashuka wadi, mabonde ya mito isiyokuwa na maji mwaka mzima. Mji ulipokua ulijengwa juu ya mabonde hayo, na serikali ikachimba mifereji mikubwa ya saruji ili mvua ikinyesha maji yapite humo mpaka baharini. Mfereji mmoja ulipita nyuma ya nyumba yetu. Ungeuona usingeuogopa. Paka walilala ndani yake. Vijana walicheza mpira humo. Kulikuwa na friji bovu limelala chali tangu tuhamie.

Mama yake bosi nilimwita Sitti, kama wajukuu walivyomwita, yaani bibi. Miguu yake ilikuwa imeacha kazi na akili yake ilikuwa inakwenda na kurudi. Ikienda, ilikwenda mbali: ilikwenda mpaka ndani ya kuta za Jeddah ya utoto wake, ikakaa huko siku mbili.

Kumlea mzee ni ufundi, wanangu, asiwadanganye mtu kwamba ni moyo tu. Mwambie kabla hujamgusa. Mgeuze kila baada ya saa mbili, na ukimgeuza pitisha kiganja chini ya mfupa wa nyonga. Pakiwa moto kuliko kwingine, kidonda kinakuja. Usimwinue kwa kwapa, bega litang'oka. Mlete ukingoni mwa kitanda, magoti yake katikati ya magoti yako, mwambie akukumbatie kama mtu anayekuaga, kisha inuka kwa mapaja. Na msikilize. Hapa ndipo nilipofeli, na ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Sitti alikuwa na hadithi moja tu, ya mji wake. Alinisimulia akila, akiogeshwa, akikatwa kucha.

“Mombasa kuna milango mingapi?” aliniuliza siku ya kwanza.

“Milango ya nini, Sitti?”

“Ya mji, punda wewe! Mji usio na mlango ni mji gani?”

“Tuna ngome.”

“Ngome ni ya askari. Mlango ni wa watu.”

Jeddah yake ilikuwa na ukuta, na milango ilifungwa jua likizama. Aliyechelewa alilala nje na ngamia. Nyumba zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa baharini, na zilikuwa na roshani za mbao zilizotobolewa ili wanawake waone bila kuonwa. Maji yalikuwa ya shida. Kulikuwa na mashine ufukweni iliyogeuza maji ya chumvi kuwa matamu, na ikiharibika watu waligombana kwa madebe. Nje ya ukuta walichimba mabirika ya kuhifadhi mvua.

Na mvua yenyewe ndiyo aliyoipenda kuisimulia. “Tulipanda ukutani sisi watoto, upande wa mlango wa Bab Makka, tuangalie milima. Mvua ya kwanza ni ya mji. Inapiga, inakwisha, tunashangilia. Lakini baba hataki tushuke. Anasema, kaeni hapo hapo, ngojeni maji ya pili. Jua linatoka. Nguo zinatukaukia mgongoni. Halafu tunaisikia wadi. Hayo sasa ndiyo maji, Zuhura. Yanakuja na mbuzi, yanakuja na mahema. Siku moja yalikuja na mtu.”

Kisha huvua kandambili yake na kuupiga nayo ukuta wa chumba. “Na marehemu mume wangu akaja kunijengea hapa! Njiani mwa maji! Baba angetuona angecheka mpaka alie.”

Niliisikia hadithi hiyo kama unavyosikia redio ya jirani. Nilijua inapopanda na inaposhuka, na sikujua inasema nini.

Siku za mapumziko bosi alitupeleka Al-Balad, mji wa kale. Vichochoro vyake vilinifanya nitake kulia, kwa sababu ukuta ule wa matumbawe, ukiugusa, una mikwaruzo ile ile ya nyumba za Mji wa Kale kwetu. Nilimsukuma Sitti kwenye kiti cha magurudumu. Mteremkoni geuka, shuka kinyumenyume, mzigo ubaki upande wako. Alinionyesha mwarobaini mkubwa mbele ya nyumba ya tajiri mmoja wa zamani, akaniambia utotoni mwake mtu akikuelekeza “penye mti” ulijua tu, maana mti ulikuwa huo huo. Alinionyesha lango la Bab Makka. Ukuta ulibomolewa zamani, lango limebaki peke yake katikati ya magari, halina ukuta kushoto wala kulia, kama mtu aliyevaa kilemba na hana nguo nyingine. Sitti akakataa kupitishwa pembeni.

“Mama, hapa kando kuna njia pana,” bosi akamwambia.

“Mimi si mwizi. Nipitishe mlangoni.”

Tukampitisha mlangoni, magari yanapiga honi, yeye ameinua kidevu. Na kila tuliporudi nyumbani, gari likipita juu ya daraja la mfereji, aligonga kioo. “Hapa wadi. Na hapa wadi. Na hapa.” Bosi aliongeza sauti ya redio.

Rafiki yangu Jeddah alikuwa mmoja, Wanjiru wa Nakuru. Alifanya kazi nyumba ya jirani. Nyumba yetu ilikuwa ya chini tu, na ngazi nyembamba ya kupanda juu ya paa penye kamba za nguo. Ya kwao ilikuwa ya ghorofa, na kibaraza chake cha kuanikia nguo kililingana na paa letu, ukuta mmoja umetutenganisha. Juu ya ukuta huo, pale paani, paliwekwa mabati marefu ili nyumba hizi mbili zisichunguliane. Kwenye tundu la msumari la bati moja ndipo urafiki wetu ulipopita.

Siku moja nafua kanzu ya bosi, nikakuta ufunguo mfukoni. Wa mlango mkubwa. Nikaushika. Wakiukuta kwangu watasema nataka kutoroka. Kafili, mwajiri anayenidhamini, ataniandikisha hurubu, yaani mtoro, na mtoro hana ikama, kibali cha kuishi, wala pa kusimama. Nikampelekea madam mbio mbio kama nimeshika kaa la moto. Akanishukuru, akauweka anakojua yeye.

Nilipomweleza Wanjiru, jicho lake likatoweka tunduni, likarudi.

“Umerudisha? Surely, mathe!”

“Niliogopa.”

“Ungenirushia mimi huku! Mtu akinipata na ufunguo wa kwenu atasema nini? Ati nimetoroka nikiingia?”

Tulicheka mpaka nikashika kamba ya nguo nisianguke. Lakini usiku nilipolala kando ya kitanda cha Sitti sikucheka. Madirisha yote ya nyumba ile yalikuwa na nondo. Nilizihesabu, kama wengine wanavyohesabu tasbihi.

Basi. Siku yenyewe.

Bosi alikwenda bandarini alfajiri. Madam aliwapeleka watoto shule, na kutoka huko angekwenda kwa dada yake upande wa pili wa mji. Ufunguo ukazunguka mara mbili. Saa tatu hivi mbingu ikawa nyeusi, na mvua ikaja kama mtu aliyepindua ndoo. Sijawahi kuona mvua kama ile, na mimi natoka Pwani. Barabara ikawa mto. Maji yakapenya chini ya mlango mkubwa, yakafika kidoleni, yakalowesha ncha za zulia la sebuleni, lile jekundu.

Nilimpigia bosi, simu haikushika. Nikampigia madam, ikashika.

“Mazulia, Zuhura! Inua mazulia!” Sauti ikakatika, na mtandao ukafa nayo.

Mvua ikapiga kwa muda wa saa mbili, ikaisha ghafla. Nikasikia ukelele wa Wanjiru kutoka kibaraza cha jirani. “Imeisha, mathe! Tumepona!” Jua likatoka. Nikamshukuru Mungu, nikachukua dekio.

“Zuhura,” Sitti akaita. “Tupande.”

“Mvua imeisha, Sitti.”

“Ndiyo maana nakwambia tupande.”

Nikamwekea mto vizuri. Macho yake yalikuwa yale ya siku za kwenda mbali.

“Baba amesema tusishuke ukutani,” akasema. “Amesema tungoje ya pili.”

“Sawa, Sitti. Hatushuki.” Nikamwacha. Niliona amekwenda kwenye utoto wake, na mimi nina mazulia.

Mazulia matano. Mfanyakazi wa ndani anafundishwa tangu siku ya kwanza kwamba kitu kikiharibika, kimeharibikia mkononi mwake. Kwa hiyo siku ya hatari macho yake yanakwenda kwenye vitu. Nimewaona wenzangu wakikimbilia kioo wakati wa moto. Mimi nilikunja mazulia manne ya vyumbani, mazito, yamenyonya maji, nikayaburura moja moja nikitafuta mahali pa juu kuliko pote. Nikayapanga kwenye ngazi ya kwenda paani, toka ya chini mpaka karibu na mlango wa juu. Nikayatazama nikaridhika. Nikarudi sebuleni kuchukua la tano, lile jekundu.

Ndipo nikasikia.

Na ndipo, baada ya kuinama tena kwa zulia, nikasikia na jambo jingine: kandambili. Sitti alikuwa anapiga ukuta. Pa. Pa. Pa. Haikuwa hasira. Alikuwa ananihesabia muda uliobaki.

Kila alichonisimulia akila na akioga kikanirudia kwa mpigo mmoja. Jua linatoka, nguo zinakauka, halafu tunaisikia wadi. Alikuwa ananiambia leo. Kwa miaka yote ile alikuwa ananiambia leo.

Ukuta wa uani ukaanguka kwanza, kwa ndani, kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Mlango wa jikoni ukafumuka. Maji yakaingia yakiwa ya kahawia, mazito, yana harufu ya udongo wa mlimani na mafuta ya gari, na juu yake linaelea lile friji la mferejini. Nilikimbilia mlango mkubwa. Nikauvuta, nikaupiga, nikaita majina ya watu wasiokuwepo. Ulikuwa wa chuma. Maji yalikuwa magotini kabla sijamaliza kulia.

Nitawaambia kweli yote, kwa sababu nikiificha haya maandishi hayana faida. Sikwenda kwa Sitti. Nilikwenda kwenye ngazi. Niliparamia juu ya mazulia kwa mikono na miguu, nikasukuma komeo, nikatoka paani penye jua. Kutoka pale niliutafuta mfereji, na haukuwepo. Palikuwa na mto mpana kama mkono wa bahari, umebeba magari yaliyogeuka chali, na honi moja inalia bila kunyamaza.

Wanjiru alikuwa tayari amelegeza bati moja kwa nyundo. Uso wake mzima ukatokea, mara ya kwanza kuuona. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake.

“Kuja! Kuja haraka! Leta mkono!”

“Sitti yuko chini.”

“Mathe, nyumba inaenda! Angalia ufa huo! Ruka wewe kwanza, utamrudia!”

Nilitazama ufa, umeanzia pembeni na kushuka kama uzi mweusi. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba nikiuvuka ukuta ule sitarudi. Mguu mmoja nilikuwa nimeshauinua. Na kutoka chini, kupitia mlango wa ngazi, bado kandambili ilikuwa inagonga. Polepole zaidi.

“Toa mabati mengine,” nikamwambia Wanjiru. “Tunakuja wawili.”

“Utakufa, mathe!”

“Basi toa haraka.”

Ngazi ilikuwa nyembamba, na niliijaza mwenyewe. Mtu mmoja angeweza kuparamia. Mtu aliyebeba mtu, hapana. Nikaanza kuyang'oa mazulia ya madam, moja moja, nikiyasukuma kwa miguu chini majini. Kila moja lilikuwa zito kama maiti. La tatu lilikwama, nikaling'ata ncha, nikalivuta kwa meno na mikono yote miwili. Niliyapanga kwa nusu saa. Sijui niliyatoa kwa muda gani, ila maji yalipanda ngazi mbili nikiwa kwenye kazi hiyo.

Sitti alikuwa amekaa kitandani, maji yamefika godoro, kandambili mkononi. Macho yake yalikuwa ya hapa hapa, makavu.

“Umemaliza usafi?” akaniuliza.

“Nisamehe, Sitti.”

“Halas, yatosha. Geuka.”

Sikumwinua kama nilivyowafundisha. Kiunoni nilikuwa nimejifunga leso, na nyingine ilikuwa kichwani. Nikaketi ukingoni, nikampa mgongo, nikamvuta kwa mikono yake mpaka kidevu chake kikakaa begani kwangu. Leso ya kwanza nikaipitisha chini ya makalio yake, nikaifunga juu ya maziwa yangu mafundo mawili. Ya pili chini ya makwapa yake, fundo begani. Ni mbeleko, wanangu, hiyo hiyo mliyobebwa nayo. Mama yangu alinifunga hivyo, nami nikawafunga wanangu hivyo, na sikujua kwamba ina nguvu ya kubeba mtu mzima mpaka nilipoinuka na haikufunguka.

Tulipofika ukumbini maji yalikuwa yamepanda mpaka kifuani kwangu. Nilitembea kwa kushika ukuta, na kila kitu kilichonigonga miguuni nilikipa jina la zulia ili nisikiwaze. Sitti alikuwa ananipumulia sikioni na kuhesabu milango ya mji wake. Bab Makka. Bab Sharif. Bab Jadid. Akimaliza anaanza. Ngazi nilizipanda kwa magoti na viganja, kama mtoto anayejifunza kutambaa, na nilipofika juu magoti yalikuwa yananivuja damu na sikuyasikia.

Wanjiru alikuwa ametoa mabati matatu. Nyuma yake alisimama madam wake, mwalimu wa watoto wadogo, hana hata mtandio, ameninyooshea mkono mimi ambaye hajawahi kuniona. Walituvuta pamoja, mimi na mzigo wangu, kama furushi moja. Tulipofika upande wa pili niligeuka. Pembe ya jiko letu ilikuwa imekwenda.

Sitti akafunguliwa mgongoni, akavuliwa, akakaushwa, akalazwa kwenye kitanda cha Wanjiru, chumba cha juu kabisa. Leso hakuiachia. Aliishika ngumini akalala nayo.

“Mgongo wa punda,” akasema kabla hajafumba macho. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo hofu iliisha. Ilianza nyingine. Nilikaa sakafuni na nguo za Wanjiru zinazonibana, nikaanza kujihesabia makosa. Nimetoka nyumbani bila ruhusa. Niko kwa watu wasio kafili wangu. Nimetupa mazulia. Ikama yangu imo kwenye droo ya madam, chini ya maji.

“Usilie, mathe,” Wanjiru akaninong'oneza. “Wakikufukuza tutatoroka wote. Mimi hata sina wa kunifungia, nitatoroka vipi sasa? Mlango uko wazi. Haina raha.”

Nilicheka na meno yanagongana.

Bosi alifika alasiri imekwisha, matope kifuani, kiatu kimoja. Madam alikuwa nyuma yake; watoto walikuwa salama kwa dada yake. Walikuwa wameiona nyumba. Bosi alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka sikio karibu na pua ya mama yake, akabaki hapo. Madam alinitazama mimi. Midomo yake ilikuwa myeupe.

“Nani alikufungulia?” akauliza.

“Hakuna, madam.”

“Ulitokaje?”

“Kwa juu. Nilimbeba.”

Akatazama magoti yangu. Chini kwenye ngazi tukasikia buti na sauti za wanaume. Watu wa uokoaji walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, wakiandika majina ya waliomo na kuuliza makaratasi ya kila mgeni. Mwalimu aliwajibu kutoka mlangoni pake. Ndiyo, huyu wetu. Ndiyo, ikama yake hii. Na mwingine? Mwingine ni wa nani? Yuko hapa kwa nini?

Neno moja la bosi lilitosha. Angeweza kusema simjui, katoroka, na jioni ile ile ningekuwa mtu asiye na jina.

Bosi akasimama. Matope yalikuwa yameanza kumkaukia usoni, yakipasuka kila alipopepesa macho.

“Nitashuka mimi,” akasema.

“Utawaambia nini?” madam akamuuliza.

Akavuta ncha ya leso, akalifunika nayo bega la mama yake.

“Nitawaambia nilimfungia mama yangu mlango kwa nje.”

Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, polepole, asimwamshe.